Kilima Tulichoshindwa Kukipanda

Theluji haikanyagwi kwa hasira. Hilo ndilo la kwanza, na kama mna haraka ya kurudi kwenye simu zenu mnaweza kuondoka na hilo tu, litawafaa. Lakini ninyi mlionizunguka Jumapili ile pale ukumbini Tensta, mkaniuliza nilivyoweza kuendesha majira yote yale ya baridi gari linalosukumwa na magurudumu mawili tu bila kulala mtaroni, nawaambia kweli: nililala mtaroni. Si mara nyingi, lakini nililala.

Mimi ni Ramadhani, mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura. Hapa Stockholm nimekuwa dereva wa usafiri wa wazee na wagonjwa, ule Waswidi wanaouita färdtjänst, mpaka goti la kulia liliponiambia basi. Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Mzee anapiga simu, anataka kwenda kwa daktari, kanisani, kwa mjukuu wake, au kunyolewa tu. Dereva anamfuata mlangoni, anamsaidia kuingia, anamfikisha, anamsaidia kutoka. Basi la abiria likishindwa kupanda mlima, watu hushuka, hulaani kidogo, halafu hutembea. Mzee anayeshikilia kigari chake cha kutembelea hana njia hiyo. Ukikwama wewe, amekwama yeye.

Gari langu kwa muda mrefu lilikuwa van nyeupe yenye nafasi ya kiti cha magurudumu, injini mbele, na nguvu yote inakwenda kwenye magurudumu ya nyuma. Wenye kujua magari wameshaanza kutikisa kichwa. Gari la namna hiyo likiwa tupu, mkia wake ni mwepesi. Kwenye lami kavu huoni tatizo. Kwenye theluji, mbele inakwenda unakotaka wewe na nyuma inakwenda inakotaka yenyewe, kama mke na mume waliogombana njiani na wote wawili wanajua wanakokwenda.

Majira yangu ya kwanza ya baridi yalikuwa shule, na ada niliilipa kwa aibu. Asubuhi moja nilikuta kioo cha mbele kimefunikwa na barafu ngumu. Nikakumbuka kwamba barafu huyeyushwa na maji moto, jambo analolijua hata mtoto. Nikapanda nyumbani, nikachemsha birika, nikashuka, nikamwaga. Kioo kikatoa sauti kama kijiti kinachovunjika, na ufa ukatembea kutoka kona hadi kona. Mke wangu alikuwa dirishani. Alifunga pazia.

Mara nyingine niliosha gari vizuri, nikaliegesha, nikavuta breki ya mkono kama nilivyofundishwa na mjomba wangu Bujumbura. Asubuhi breki zilikuwa zimegandana na magurudumu. Nilipoondoka, gari liliteleza kama sanduku linaloburutwa, na majirani wakasimama kuangalia mtu anayeburuta gari huku amekaa ndani yake. Tangu hapo, kwenye baridi kali, naliacha gari kwenye gia na breki ya mkono naiacha ipumzike.

Aliyenitoa ujinga alikuwa Mfini mmoja, Kalevi, dereva mwenzangu aliyekuwa karibu kustaafu. Kalevi hakupenda maneno. Aliyatunza kama watu wanavyotunza kuni. Alinikuta uwanjani kwetu nikikanyaga mafuta, magurudumu ya nyuma yakilia, theluji ikiruka hadi ukutani, na gari likizidi kuzama. Akagonga kioo, akaniuliza kama nachimba kisima.

Akanishusha, akanishikisha tairi kwa mkono mtupu. Lilikuwa la moto. Akanionyesha chini yake, mahali ambapo theluji ilikuwa imeyeyuka na kuganda upya ikawa kama kigae.

"Ulikuwa na theluji," akasema. "Sasa una barafu, na umeitengeneza mwenyewe."

Mengi ninayoyajua kuhusu baridi yametoka kwake. Anza na gia ya pili, siyo ya kwanza, na uachie klachi kama unayetoka chumbani alimolala mtoto. Kabla ya kukanyaga mafuta mara ya pili, toka uchimbe, maana koleo hufanya kazi kuliko injini. Ukikwama, yumbisha gari, mbele kidogo, nyuma kidogo, kila mara ukipata nafasi zaidi, mpaka lijirushe lenyewe. Mikeka ya miguuni ing'oe uiweke mbele ya magurudumu yenye nguvu. Itachafuka, lakini mkeka huoshwa. Kwenye van yangu aliniambia nibebe magunia mawili ya mchanga nyuma, juu kabisa ya ekseli, kuukandamiza mkia; na likikataa kabisa, fungua gunia utumie mchanga wenyewe. Ukipunguza upepo wa tairi kidogo, linapanuka na kushika, ila usisahau kuujaza tena. Na kuna jambo moja alilirudia mpaka nikachoka: ukikaa ndani ya gari lililokwama, injini ikiwaka, toka kila mara uondoe theluji kwenye bomba la moshi. Likizibwa, moshi unarudi ndani, hauna harufu ya kukuamsha, na hutajua kwamba unakufa.

Ninyi leo magari yenu yana akili. Yanajua gurudumu lipi linateleza, na yanalipunguzia nguvu kabla hujafikiri. Ni vizuri, mpaka ukwame hasa, kwa maana hapo gari linakunyima nguvu wakati ule ule unapoihitaji. Kuna swichi ya kuizima hiyo akili. Itafuteni leo, mchana, mkiwa mmeegesha, msingoje kuitafuta gizani. Na wale wenye gari la kusukumwa kwa magurudumu ya mbele, mkishindwa kupanda mahali, geuzeni mpande kinyumenyume. Uzito unalalia magurudumu yanayofanya kazi. Watu watacheka. Acheni wacheke, mtafika.

Haya yote nimeyasema, na kijana mmoja kati yenu aliniuliza swali ambalo sikulijibu siku ile. Aliuliza kama kuna abiria nisiyemfikisha. Nikasema tutaongea siku nyingine, nikachukua koti langu. Yuko. Ni mmoja, na nimeamua kumweleza.

Tulimwita Mama Beata, kwa jina la binti yake. Alikuwa Mrundi wa Gitega, mwembamba, mrefu, Mkatoliki wa kwenda misa hata siku za kazi. Aliishi Tensta peke yake, kwa sababu Beata alikuwa ameolewa Göteborg, na kwenye simu mama alikuwa akiuliza kwa Kirundi na binti akijibu kwa Kiswidi, na walielewana hivyo. Mpangaji wetu wa safari, Annika, alipogundua kwamba mimi na Mama Beata tunasikilizana kwa Kiswahili, alikuwa akinipa mimi safari zake kila ilipowezekana. Nilimpeleka kliniki, kanisani, na kwa fundi wa meno aliyemwogopa kuliko kifo. Alikaa mbele daima, kando yangu. Kuna kibao cha kukanyagia cha kuingilia, na alikipanda mwenyewe, mkono mmoja kwenye mlango. Nilipotaka kumshika kiuno nimwinue, alinitazama mpaka nikauondoa mkono. Kiwiko aliruhusu. Zaidi ya kiwiko, hapana.

Alikuwa na mdogo wake, Perpetua, aliyeishi Norsborg, mwisho kabisa wa reli nyekundu ya chini ya ardhi. Mmoja upande huu wa mji, mwingine upande ule, na miaka mingi walikuwa hawasemezani. Chanzo kilikuwa neno ambalo Perpetua alilitamka kwenye arusi ya Beata, mbele ya wageni. Neno lenyewe sikuambiwa. Niliambiwa tu kwamba lilisemwa wakati chakula kimeshaandaliwa, na kwamba Mama Beata aliweka sahani yake mezani, akainuka, na tangu hapo hajakanyaga kwa mdogo wake wala mdogo wake hajakanyaga kwake. Watu wa kanisani walijaribu, padri pia. Kila mmoja alisema mwenzake ndiye wa kuanza.

Halafu Perpetua akaugua, akahamishiwa nyumba ya wazee nje kidogo ya Norsborg, upande wa ziwani. Jioni moja, katikati ya majira ya baridi, muuguzi wa pale alimpigia Mama Beata, akamwambia mgonjwa amedhoofika na anamuulizia dada yake. Mama Beata akaagiza gari kwa asubuhi.

Asubuhi hiyo theluji ilikuwa imeshaanza kabla watu hawajaamka. Haikuwa ile nyepesi inayocheza hewani. Ilishuka nzito, imenyooka, kama mtu anayemwaga unga. Mabasi yalisimamishwa. Annika alinipigia, akasema safari nyingi zimefutwa, na kwamba ya Mama Beata anaiacha mikononi mwangu. Nilikwenda kwa nia ya kumwambia tuahirishe. Nilimkuta chini, nje ya mlango, kigari chake mbele yake, amevaa koti refu jeusi na juu yake kitenge kipya alichokivaa kama shali. Mabegani theluji ilikuwa imeshakaa. Nilianza kusema. Akasema, "Ramadhani, usiku mzima nimekaa nikipanga maneno. Nisaidie nifike kabla sijayapanga upya."

Tukaondoka.

Barabara kubwa ilipitika. Tulikwenda polepole nyuma ya malori, wipa zikifanya kazi bila kupumzika. Mama Beata hakuzungumza sana. Alipokuwa akizungumza, alikuwa akinieleza habari za Perpetua akiwa mtoto, kwamba alikuwa akiogopa kuku, na kwamba dada yake ndiye aliyekuwa akimtangulia uani kuwafukuza. Alitabasamu aliposema hivyo. Nikafikiri, siku hii itakuwa nzuri, hata na theluji yake.

Baada ya Fittja theluji ilizidi. Tulipoiacha barabara ya basi na kuingia njia ya kwenda ziwani, hapakuwa na alama hata moja ya tairi mbele yetu. Njia ile inapita kwenye misonobari, halafu inapanda hadi kwenye nyumba. Chini ya kilima nilisimama mahali tambarare, kama Kalevi alivyonifundisha, kwa sababu ukisimama mlimani hutaondoka tena. Nikashuka kupima. Katikati ya njia theluji ilinifika nusu ya muundi, na pembeni, ilipokuwa imepeperushwa na upepo, ilinifika pajani. Juu kabisa taa za nyumba zilionekana. Niliona hata dirisha la jikoni na mtu akipita ndani.

Nilijaribu mara ya kwanza kwa mwendo, gia ya pili, bila kubadilisha mguu. Tulipanda vizuri hadi karibu nusu, halafu nilihisi mkia unaanza kucheza. Magurudumu yakazunguka, gari likasimama, na polepole likaanza kurudi lenyewe. Nililiachia lishuke na gia ya kurudi nyuma, bila kugusa breki, mpaka tukafika chini.

"Jaribu tena," akasema Mama Beata.

Nikatoa koleo. Nilichimba njia mbili za magurudumu hadi juu kidogo ya pale tulipokwamia, jasho likinitoka ndani ya koti na masikio yakiganda. Nikafungua gunia la kwanza, nikamwaga mchanga wote. Tulipanda tena, tukapita pale pa kwanza, nikasikia moyo wangu unafurahi. Kisha njia nilizochimba zikaisha, na gari likakaa juu ya theluji kwa tumbo, magurudumu yakielea. Ilinichukua muda mrefu kulitoa. Niliweka mikeka, nikaiyumbisha van mbele na nyuma, nikapunguza upepo wa matairi. Kila nilichokijua nilikifanya. Mara ya tatu tulipanda ubavu ubavu, mkia ukiteleza kuelekea kwenye mtaro uliokuwa upande wa abiria, upande wake yeye, na nikaliona bonde dogo nje ya dirisha lake kabla sijalishika gari. Tukarudi chini.

Safari hii hakusema tena nijaribu.

Nilimpigia Annika. Aliulizia trekta la kusukuma theluji, akarudi na jibu kwamba yote yako kwenye barabara kubwa na za hospitali, na kwamba njia yetu haitafikiwa mapema. Hakuna aliyeweza kumwahidi saa. Akaniambia nimrudishe bibi nyumbani. Nilimpigia pia muuguzi wa ile nyumba ya juu. Walikuwa wachache siku hiyo, wenzao hawakuweza kufika, na hakuna aliyeweza kuwaacha wagonjwa ashuke. Alisema amesimama dirishani na anatuona.

Nilitoka kuondoa theluji kwenye bomba la moshi. Niliporudi ndani, nikaona midomo ya Mama Beata imebadilika rangi. Ndani ya gari palikuwa na joto, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa na kufungwa mara nyingi, na mtu wa umri wake joto likimtoka halirudi upesi. Mafuta pia yalikuwa yanapungua. Mchana ulikuwa umeanza kuwa wa kijivu, na ninyi mnajua mchana wa huku katika majira hayo, ukishageuka kijivu haukai.

Akasema, "Nitatembea."

Nikamwambia huko juu, upepo ulikoirundika, theluji itamfika kiunoni.

Akaangalia juu kwenye taa. Halafu akasema jambo ambalo sikutegemea kulisikia kutoka kwake.

"Basi nibebe."

Nilimtazama. Mtu huyu aliyekataa kushikwa zaidi ya kiwiko alikuwa ameshafungua mkanda wa kiti na amenigeukia, mikono miwili mbele, kama mtoto anayetaka kupakatwa.

Nilifikiri. Sitaki mdhani kwamba sikufikiri. Nilifikiria goti langu, lililokuwa limeshaanza. Nilifikiria njia nilizochimba na mahali zilipoishia. Nilifikiria nikianguka naye katikati, koti lile na kitenge kile, nyonga ya mzee inavyovunjika, na hakuna mtu wa kutuokota. Nilikuwa nimefundishwa, na nimewafundisha wengine baada yangu, kwamba abiria mzima aliyechelewa ni bora kuliko abiria aliyeumia. Hilo ni kweli. Nikiulizwa leo na kijana mwenye leseni mpya, nitamjibu hivyo hivyo.

"Mama," nikamwambia, "siwezi. Tukianguka, tumekwisha sote. Kesho njia itakuwa imesafishwa. Nitakufuata asubuhi, mimi mwenyewe."

Akaishusha mikono. Akafunga mkanda.

Nikampigia muuguzi, nikamwomba apeleke simu kitandani kwa Perpetua, kisha nikampa Mama Beata simu yangu. Niliona aibu kuwasikiliza, nikafungua mlango nitoke, lakini akanizuia kwa mkono, kwamba baridi itaingia. Kwa hiyo nilisikia. Waliongea Kirundi. Kwa muda hakuna aliyeanza, nilisikia pumzi tu upande wa pili, nzito na ya polepole. Kisha Mama Beata akamwuliza mdogo wake kama amekula. Akamwuliza kama blanketi linamtosha, na kama dirisha linafungwa vizuri. Sauti ndogo ilijibu kila swali. Akamweleza theluji ilivyo, kwamba yuko hapa chini, kwamba gari limekataa. Halafu akaweka sawa kitenge chake mabegani, na nikajua lile alilolipanga usiku kucha limefika mdomoni.

"Nakuja kesho," akasema. "Tutaongea kesho."

Akanirudishia simu.

Kurudi kulituchukua mchana wote uliobaki. Alilala njiani, au alifumba macho. Tensta nilimfikisha hadi ndani, nikamwashia jiko, nikamwekea chai. Aliniuliza kama kweli nitakuja asubuhi, nikasema nitakuja.

Nilikwenda. Theluji ilikuwa imekoma, anga ni buluu kabisa, na matrekta yalikuwa yamepita kila mahali. Barabara zilikuwa nzuri kama hakuna lililotokea. Nilikuta mlango wake haujafungwa. Simu ilikuwa mezani, na Beata alikuwa akizungumza humo kwa Kiswidi, akilia. Mama Beata alikuwa amekaa kwenye kiti, amevaa koti lake na kitenge chake, tayari kwa safari.

"Amekwenda alfajiri," akaniambia. Kisha akatazama miguu yangu. "Vua viatu, Ramadhani. Unywe chai kwanza."

Nilikunywa. Sijui ilikuwa na sukari au haikuwa nayo. Kisha nikampeleka, kwa sababu alitaka kumwona. Tulikipanda kilima kwa gia ya pili bila kusimama, kati ya kuta mbili za theluji iliyosukumwa. Nilikaa kwenye korido. Yule muuguzi wa dirishani alikuja kukaa karibu nami, akaniambia kwamba baada ya simu ile Perpetua aliomba itolewe kabatini blauzi yake nzuri, itundikwe mahali anapoiona, avae asubuhi. Sikumfikishia Mama Beata habari hiyo. Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri kuificha, au yeye pia aliiona blauzi imetundikwa na akaelewa mwenyewe.

Hakunilaumu. Hilo ndilo lililonitesa zaidi. Annika alisema nilifanya sawa. Mkubwa wetu aliniita akaniambia angefanya vivyo hivyo. Kalevi, aliyekuwa ameshastaafu, nilimpigia simu nikamweleza kila hatua, nikitaraji aniambie kuna kitu nilisahau, mbinu moja ambayo hakuwa amenifundisha. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Hapana. Ulifanya yote." Kisha akaongeza kwamba anasikitika. Ningependa aniambie nilikosea. Kosa mtu hujifunza kutokana nalo. Hili sijui la kujifunza ni lipi, ndiyo maana siku ile ukumbini nilichukua koti.

Niliendelea kumwendesha Mama Beata. Kliniki, kanisani, kwa fundi wa meno. Tuliongea habari za kawaida. Theluji ikayeyuka, ikaja matope, yakaja majani.

Siku moja ya joto nilimpeleka makaburini kwa Perpetua, akapanda maua, akasali. Tulipokuwa tunarudi akaniomba, kama safari inayofuata haijanibana, nimpitishe njia ya ziwani. Nilijua anataka nini. Nikaegesha pale pale chini.

Vijana wangu, sikukitambua kilima kile. Misonobari ilikuwa na kivuli kizuri, na njia ya lami ilipanda katikati yake taratibu, fupi, imepinda kidogo. Msichana mmoja alishuka na baiskeli bila kukanyaga, akatupungia mkono. Mtaro ulionitisha ulikuwa shimo dogo lenye maua ya manjano ndani yake.

"Ni hapa?" akauliza Mama Beata.

"Ni hapa, Mama."

"Padogo hivi."

Nilitaka kumweleza kwamba theluji hukuza kila kitu, lakini aliijua theluji miaka mingi kama mimi.

Akataka apande. Nikamtolea kigari chake, nikamfuata nyuma, mkono wangu karibu na mgongo wake bila kuugusa. Alisimama kupumzika, akaendelea, akasimama tena. Tulifika juu. Nyumba ilikuwa kimya, madirisha wazi, mapazia yakipepea. Hakutaka kuingia. Aliketi kwenye benchi la nje na kuangalia ziwa kwa muda.

"Lile neno lake la arusini," akasema, "watu wote walitaka aniombe radhi. Mimi nilikuja kumwambia kwamba alisema kweli. Basi, hilo tu. Ni neno dogo. Lingetosha kwenye simu."

Nikamwambia asijilaumu. Akasema hajilaumu, anaeleza tu ilivyokuwa.

Kushuka kulimchosha kuliko kupanda. Magoti ya wazee huogopa mteremko. Tulipofika kwenye gari aliweka mguu kwenye kibao, akajaribu kujivuta, mguu ukakataa. Akajaribu tena. Kisha, bila kunitazama, akainua mikono kidogo pembeni, akanisubiri.

Nikamshika kiunoni nikamwinua hadi kwenye kiti. Nilikuwa nimejiandaa kwa uzito. Nilikuwa nimekaza goti, nimekaza mgongo, kama mtu anayebeba gunia la mchanga. Lakini Mama Beata alikuwa mwepesi. Alikuwa mwepesi sana, vijana wangu, kiasi kwamba karibu nimgongeshe kichwa kwenye paa.